Nani Anabeba Hasara? Serikali na Umeme wa Jua, Upepo na Jotoardhi



Naomba aliye na simu afungue ujumbe wa mwisho wa LUKU. Chini ya kiasi ulicholipa kuna vimistari ambavyo wengi wetu huviruka ili tufike kwenye tarakimu za tokeni. VAT asilimia 18. REA asilimia 3. EWURA asilimia 1. Mara moja kwa mwezi kodi ya jengo nayo hujipenyeza hapohapo, lakini hiyo ina mhadhara wake, si wa leo. Tukitazame kimstari cha REA. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ndiyo iliyozaa Wakala na Mfuko wa Nishati Vijijini, na kwa njia hiyo mtu wa Sinza akinunua umeme wa kuchemshia chai anachangia nguzo inayosimamishwa Kaliua au Newala. Mwanakijiji huunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000, fedha ambayo haifiki popote ukilinganisha na gharama ya nguzo, waya na mita. Pengo hilo huzibwa na Mfuko, na bajeti ya serikali, na wafadhili.

Nimeanza hapo makusudi. Kila tunapokutana kuzungumzia nishati jadidifu husikika sentensi ileile: serikali iweke mazingira wezeshi, itoe vivutio kwa wawekezaji. Sentensi haina ubaya, ila imekatwa mkia. Kivutio ni fedha ya mtu. Kila mradi wa umeme una hasara zinazoweza kuujia: kisima kitoke kikavu, shilingi iporomoke, nguzo zichelewe, mnunuzi asilipe. Hasara hizo hazifutwi na sheria wala na hotuba ya bajeti. Zinahamishwa tu kutoka bega hili kwenda lile. Hoja yangu jioni ya leo ni moja: ukitaka kujua kama msaada wa serikali ni mzuri, usiulize ni mkubwa kiasi gani, uliza ni hasara ipi serikali imekubali kuibeba yenyewe, na ni ipi imemtwika mnunuzi wa umeme bila kumwambia.

Kwa nini jua na upepo vihitaji msaada wa namna ya pekee? Jenereta la dizeli ni rahisi kulinunua na ghali kuliendesha. Paneli na mapangaboi ya upepo ni kinyume chake. Ni kama mtu anunue daladala pamoja na mafuta yake ya miaka 20 kwa siku moja: akishalipa, mafuta si tatizo tena, lakini fedha ya siku ile ya kwanza lazima aikope, na benki itamuuliza ana uhakika gani wa abiria wa mwaka wa kumi na tano. Benki ikiogopa, riba inapanda. Na kwa kuwa hakuna mafuta ya kununua, riba ndiyo inayoamua bei ya yuniti moja ya umeme kuliko karibu kitu kingine chochote. Jua la Dodoma ni kali kuliko la Munich. Riba ya Dodoma nayo ni kali kuliko ya Munich, na hapo ndipo faida yetu ya jua inapoliwa.

Wajerumani waliliona hilo mapema. Sheria yao fupi ya mwaka 1990 iliyalazimisha makampuni ya umeme kununua umeme wa mtu yeyote mwenye kinu cha upepo au paneli zake, kwa bei iliyofungamanishwa na ile wanayolipa wateja. Mwaka 2000 wakaja na sheria nyingine: bei maalumu kwa kila aina ya teknolojia, iliyohakikishwa kwa miaka 20. Umeme wa jua ulilipwa takriban senti 50 za yuro kwa yuniti, bei ya kutisha kwa kweli. Wakulima wakafunika mapaa ya mabanda ya ng'ombe kwa paneli, viwanda vikapata soko, China ikaingia kwa nguvu zake zote, na bei ya paneli ikaanguka duniani kote. Paneli nafuu unayoiona leo Kariakoo ina jasho la mlipa bili wa Ujerumani ndani yake, maana tozo ya kugharimia mpango ule ilikaa kwenye bili za nyumbani mpaka Julai 2022, ilipohamishiwa bajeti ya serikali.

Tunawashukuru. Lakini Ujerumani ilikuwa na gridi iliyokwisha kujengwa, riba ndogo, na deni la miradi lilikuwa kwa fedha ileile ambayo watu hulipia bili. Ukiichukua bei ya uhakika ya miaka 20 ukaipeleka mahali pasipo na nguzo, ambako deni ni la fedha za kigeni na bili ni za shilingi, unapata kitu kingine kabisa. Kenya inatuonyesha kitu hicho. Inatuonyesha pia njia iliyo bora kuliko hiyo, na ndiyo maana sehemu kubwa ya muda wangu nitakuwa kwa jirani.

Twende kwanza Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha. Anayefika pale hulakiwa na mabomba. Ni manene, yamevishwa ganda la kuhifadhi joto, yanapanda na kushuka na miteremko, na kila baada ya mwendo fulani yanapigwa kona nne bila sababu unayoiona. Sababu ni kwamba chuma kikipata moto hutanuka, na kona zile zinakipa nafasi. Eneo lenyewe liko ndani na kando ya hifadhi ya Hell's Gate, kwa hiyo mahali pengine bomba limeinuliwa juu ili wanyama wapite chini yake. Pembeni kuna vichwa vya visima na vali zao, na mapipa marefu ya chuma yanayotenganisha mvuke na maji kabla mvuke haujapelekwa kwenye turbini.

Visima viwili vya kwanza vilichorongwa hapo mwaka 1956. Havikuzaa umeme, kazi ikasimama. Miaka ya 1970 serikali ya Kenya ikarudi ikisaidiwa na UNDP, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Wa tatu ulipokamilika mwaka 1985, jumla ikawa megawati 45. Tangu visima vile vya 1956 hadi mtambo wa kwanza ni robo karne. Sijui mwanahisa gani angesubiri robo karne gawio lake la kwanza.

Jotoardhi inawatisha wenye fedha kwa sababu moja kubwa. Jua unaliona. Upepo unaupima kwa mlingoti wenye vipimo, mwaka mmoja au miwili, ukapata takwimu za kumwonyesha mkopeshaji. Mvuke uko kilomita mbili au tatu chini ya miguu yako, na hakuna anayeujua kwa hakika mpaka amechoronga, na kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola. Unaweza ukakuta mwamba wa moto usio na maji. Unaweza ukakuta maji yasiyo na moto wa kutosha. Benki haikopeshi shimo. Mwekezaji binafsi akikubali kuchoronga kwa fedha zake, atadai bei itakayofidia visima vyote vitakavyomtupa, na bei hiyo utailipa wewe kwa miaka 20.

Mwaka 2008 Kenya ilifanya jambo ambalo naliona ndilo la busara kuliko yote yaliyofanyika katika sekta hii Afrika Mashariki. Iliunda kampuni ya GDC, mali ya umma kwa asilimia 100, kazi yake kutafuta mvuke, kuchoronga, kisha kuwauzia mvuke wale watakaojenga mitambo. Serikali ikabeba sehemu isiyoonekana. Binafsi akaachiwa mtambo, kitu ambacho benki yoyote inakijua thamani yake. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ambayo serikali ndiyo mwenye hisa nyingi, ikaendelea na Olkaria kwa mikopo ya masharti nafuu: Olkaria IV ya megawati 140 mwaka 2014, Olkaria V mwaka 2019. Leo kati ya asilimia 40 na 50 ya umeme unaozalishwa Kenya unatokana na jotoardhi. Mvua zikikatika na mabwawa ya Mto Tana yakapungua, Olkaria haina habari.

Sisemi palikuwa safi. Vijiji vya Wamasai vilihamishwa kupisha Olkaria IV, na malalamiko yao yalifika mpaka kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Na huko Menengai, juu ya mji wa Nakuru, GDC ilianza kuchoronga mwaka 2011, mvuke ukapatikana, wazalishaji watatu wakagawiwa megawati 35 kila mmoja, kisha miaka ikaishia kwenye mabishano ya barua za dhamana na masharti ya mikopo. Mtambo wa kwanza uliingia kazini mwaka 2023. Visima vilikaa vimefungwa vali huku deni la kuvichoronga likizaa riba. Kwa hiyo hata hasara inayobebwa na serikali ni hasara kweli. Ila hii ilibebwa na taasisi ambayo Mkaguzi Mkuu anaweza kufungua vitabu vyake na bunge likamwita mkurugenzi wake, na kisima kilichopatikana ni mali ya Wakenya, leo na mtambo huo ukishazeeka. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ikaongeza jambo ambalo ningependa tulinakili bila aibu: mrabaha wa jotoardhi hugawanywa, asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, na 5 jamii ya eneo husika.

Sasa tupande kaskazini, Marsabit, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Upepo hapo hubanwa kati ya Mlima Kulal na milima mingine, ukatoka kwa kasi ambayo wataalamu wa upepo huizungumzia kwa macho ya kung'aa. Hapo ukajengwa mradi wa upepo wa mapangaboi 365, kila moja la kilowati 850, jumla megawati 310. Ni mahali pa mbali sana; barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ilibidi iboreshwe ndipo mabawa na minara viweze kufika.

Mkataba wa kuuziana umeme ulikuwa wa miaka 20, bei ikapangwa kwa yuro, na Kenya Power, shirika linalowauzia Wakenya umeme, ikakubali kulipia umeme utakaopatikana, iuchukue isiuchukue. Serikali kwa upande wake ikaahidi kujenga njia ya kusafirisha umeme, zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mwaka 2012 Benki ya Dunia, iliyokuwa itoe dhamana, ilijitoa. Hofu yake ilikuwa kwamba umeme utazidi mahitaji na Wakenya watalazimika kulipia umeme wasioutumia. Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zikabaki, mradi ukasonga.

Mapema mwaka 2017 mapangaboi yote yalikuwa yamesimama. Njia ya umeme haikuwepo. Mkandarasi kutoka Hispania, kampuni ya Isolux, alikuwa ameishiwa fedha, mkataba wake ukavunjwa na kazi wakapewa Wachina, na waya ukakamilika Septemba 2018. Muda wote huo upepo ulivuma, mashine zilikuwa tayari, na mkataba ulimpa mwenye mradi haki ya kulipwa kwa umeme ambao angeuzalisha kama waya ungekuwepo. Yalikuwa mabilioni ya shilingi za Kenya. Sehemu ililipwa na hazina. Iliyobaki ikaingizwa kwenye bei ya umeme wa mradi kwa miaka kadhaa. Kinyozi wa Likoni, ambaye hajawahi kuliona Ziwa Turkana hata kwenye kalenda, amelipia umeme ambao haukuzalishwa.

Mwekezaji mimi simlaumu. Aliahidi mapangaboi, akayasimamisha kwa wakati, mahali ambapo hapakuwa hata na barabara ya maana. Umeme wenyewe tangu uanze kutoka umekuwa nafuu kuliko wa mitambo ya mafuta, na Rais Uhuru Kenyatta alipouzindua rasmi Julai 2019 alikuwa na haki ya kujivuna. Lawama yangu iko kwingine: serikali iliahidi kitu ambacho ilikuwa bado haijakijenga, ikakubali faini endapo itachelewa, na faini ilipofika ikampitishia mtu ambaye hakukaa kwenye meza ile.

Kuna bega jingine lililosahauliwa. Mradi ulipewa ardhi ya ekari 150,000, ardhi ya malisho. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati zake zilitolewa bila kufuata utaratibu, ikatoa mwaka mmoja zirekebishwe. Kule Kinangop, mradi mwingine wa upepo wa megawati 60 ulikufa kabisa mwaka 2016 kwa sababu wakulima waliukataa. Ardhi nayo ni ruzuku. Mara nyingi ndiyo ya kwanza kutolewa, na hutolewa na mchungaji ambaye hakuulizwa.

Mwaka 2021 Kenya ilisimama ikajitazama. Rais aliunda jopo chini ya John Ngumi kuipitia mikataba ya wazalishaji binafsi, na Januari 2022 bei ya umeme ikapunguzwa kwa asilimia 15. Mwaka huohuo wa 2021 sera ikabadilishwa: upepo na jua, ambavyo vilikuwa na bei iliyopangwa na wizara, upepo tangu 2008 na jua tangu 2010, vikahamishiwa kwenye mnada, anayetaka bei ya chini ndiye ajenge. Ilikuwa sahihi. Bei iliyopangwa na wizara ina ugonjwa mmoja: paneli zinashuka bei kila mwaka, lakini karatasi ya wizara haishuki. Na mnada wenyewe haumalizi kila kitu. Kenya hadi leo ina umeme mwingi usiku wa manane, hata mvuke wa Olkaria huachiwa hewani, kisha saa moja jioni kila mtu anapowasha jiko na taa, hautoshi. Mkataba wa megawati peke yake haujui saa.

Kodi nitaipitia haraka, maana ni habari ya kuchosha, ingawa ndiyo inayomgusa fundi wa sola. Sheria ya VAT ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka kodi kwenye vifaa vya sola. Mwaka 2014 ikaondolewa. Aprili 2020, katikati ya korona, ikarudishwa. Julai 2021 ikaondolewa tena. Mwaka 2024 muswada wa fedha ukaja na tozo ya mazingira ambayo ingegusa hata betri, na muswada wote ukaondolewa baada ya vijana kuingia barabarani. Mtu aliyeagiza kontena la inveta China wakati kodi haipo, likashuka Kilindini kodi ipo, amejifunza somo ambalo hakuna semina ya vivutio itakayomfuta kichwani. Mimi ningechagua kodi ya asilimia 5 inayokaa miaka kumi kuliko msamaha unaohitaji kuombewa kila Juni.

Sisi Tanzania tumekuwa watulivu zaidi kwenye hilo. Sheria yetu ya VAT ya mwaka 2014 imezisamehe paneli, inveta, taa na betri za sola, na msamaha huo umewasaidia watu. Lakini tusijipongeze mapema, kwa sababu tuna habari yetu ya visiwa vya Ziwa Victoria.

Mwaka 2008 tuliweka utaratibu wa wazalishaji wadogo wa umeme, chini ya megawati 10, ambao ulisifiwa hadi nje: mkataba mmoja wa mfano, bei inayojulikana, hakuna kuzunguka ofisini kujadiliana upya. Maji ya Mwenga kule Mufindi yakaanza kutoa megawati 4 mwaka 2012, na baadaye mapangaboi machache yakasimama hukohuko milimani. EWURA, mdhibiti wa nishati, ikaenda mbele, ikalegeza masharti kwa mitambo midogo sana, ile ya chini ya kilowati 100, ijipangie bei na wateja wake. Wawekezaji wakaenda visiwani Ziwa Victoria, ambako gridi haifiki, wakaweka paneli, betri na nguzo zao wenyewe. Bei yao kwa yuniti ilikuwa mara nyingi ya ile ya TANESCO. Haikuwa dhuluma, ndiyo gharama ya kuwasha kisiwa kwa betri. Mvuvi na mwenye saluni waliilipa kwa sababu mafuta ya jenereta na mishumaa ni ghali zaidi.

Mwaka 2020 ikatoka amri ya wizara kwamba wateja wa mitambo hiyo nao walipe shilingi 100 kwa yuniti, kama anavyolipa mteja mdogo wa gridi. Niseme wazi kwamba nia naielewa, na hata naiunga mkono: kwa nini mtu wa kisiwani, aliye maskini zaidi, alipe zaidi ya mtu wa Masaki? Lakini ile shilingi 100 ya mteja mdogo wa TANESCO haitoki angani. Inafidiwa na wateja wakubwa ndani ya shirika hilohilo. Kampuni yenye kisiwa kimoja haina mteja mkubwa wa kumkamua. Serikali ilitaka haki itendeke, ikamwachia mwingine alipe, na matokeo yake ni kwamba fedha za kupanua mitambo ile zikakauka. Kama tunataka mvuvi alipe 100, na mimi nataka, basi ile tofauti itoke kwenye kile kimstari cha REA, kwa yuniti iliyouzwa na kusomwa kwenye mita. Hiyo ingekuwa ruzuku ya kweli, yenye jina na bajeti.

Kuna atakayeniuliza: yote haya ya nini, na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lipo? Megawati 2,115, mitambo tisa ya megawati 235, shilingi trilioni 6.5 na ushei, na serikali ilibeba mzigo wote, fedha na lawama. Kwa kipimo changu mwenyewe cha nani anabeba hasara, Rufiji imefaulu: hakuna faini ya yuro inayosubiri mlangoni. Lakini imeweka mayai mengi kwenye mvua. Wengi wenu mnakumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2022, mabwawa yalipopungua. Bwawa kubwa halibatilishi hoja ya jua, linaipa nguvu. Kila yuniti inayotoka mchana kwenye mradi wa jua kama ule wa Kishapu, Shinyanga, ni maji yaliyobaki Rufiji kwa ajili ya saa mbili usiku, na bwawa likitumika hivyo ni betri ambayo nchi nyingi zinazohangaika na jua na upepo zingeuza shati ziipate.

Na tuna bahati ambayo Kenya haikuwa nayo kule Turkana. Upepo wetu wa Singida, ambao umezungumziwa kwa miaka zaidi ya kumi bila pangaboi hata moja la gridi kusimama, uko palepale ambapo njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga inapita, na ndipo ilipofikia njia ya kutoka Isinya, Kenya. Nyaya zimetangulia. Mradi wa jua wa Kishapu nao uko kwenye ukanda huohuo. Hasara ile iliyomwangukia kinyozi wa Likoni, kwetu imeshabebwa tayari na mlipakodi, kwa hiyo atakayekuja kudai bei kubwa kwa kisingizio cha kuchelewa kwa nguzo aonyeshwe nguzo.

Kwenye jotoardhi tuna chombo kama kile Kenya ilichokiunda mwaka 2008. Kampuni yetu ya TGDC, iliyo chini ya TANESCO, ina maeneo: Ngozi na Kiejo-Mbaka huko Rungwe, Songwe, Natron, Luhoi. Kazi ya TGDC ni ileile ya GDC, lakini kampuni ya kuchoronga isiyo na fedha za kuchoronga ni ofisi tu. Upo mfuko wa Umoja wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa fedha za Ujerumani na Umoja wa Ulaya, unaorejesha sehemu ya gharama za visima vya majaribio kwa nchi za ukanda huu. Sehemu iliyobaki lazima itengwe na Bunge, kwa jina, kwa miaka kadhaa mfululizo, na Bunge liambiwe mapema kwamba baadhi ya visima vitatoka vikavu. Mkurugenzi akichoronga kisima kikatoka kikavu asifukuzwe kazi. Akikaa miaka mitano bila kuchoronga, afukuzwe.

Wazalishaji wadogo walipwe kwa wakati. Hili halihitaji sera mpya. Mtu mwenye mtambo wa megawati 4 hana uwezo wa kulikopesha shirika la umma miezi sita, na benki yake ikishaona amefanya hivyo, anayefuata atakopeshwa kwa riba ya juu zaidi au hatakopeshwa kabisa.

Na mikataba ya umeme iwekwe hadharani, yote, pamoja na viambatisho, kwa Kiswahili na kwa lugha iliyotumika kuiandika. Tuliwahi kuwa na mkataba wa IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme; hamhitaji kukumbushwa tulilipia nini na kwa muda gani. Siku mbunge wenu akija kuhutubia habari za megawati mpya, msimuulize ni ngapi. Muulizeni bei iko kwa fedha gani, na waya ukichelewa atakayelipa ni nani.